Mdahalo wa Leipzig wa 1519 na Makongamano ya Vyuo Vyetu: Uhakiki wa Maandalizi

Utangulizi

Kila mwaka vyuo vyetu vya theolojia huandaa makongamano, semina na mihadhara ya wazi. Kamati huundwa, barua za mwaliko huandikwa, mgeni rasmi hutafutwa, ukumbi hupambwa, na baada ya siku mbili au tatu washiriki hurudi makwao wakiwa na daftari, kalamu na cheti cha mahudhurio. Ni nadra mtu kuuliza, baada ya viti kurudishwa mahali pake, kama jambo lililowakusanya watu lilizungumzwa kweli. Tunahakiki vitabu, na tunahakiki mahubiri ya wanafunzi wetu darasani, lakini mkutano wenyewe hatuuhakiki. Ukiisha tunamshukuru Mungu kwamba chakula kilitosha na umeme haukukatika.

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki mkutano mmoja wa chuo kikuu ambao kila mwanafunzi wa historia ya Kanisa huusoma, ingawa husoma zaidi yaliyofundishwa humo kuliko jinsi ulivyoandaliwa na kuendeshwa. Huo ni mdahalo wa Leipzig, Ujerumani, uliofunguliwa tarehe 27 Juni 1519 na kufungwa katikati ya Julai mwaka huo, ambapo Johann Eck alijadiliana kwanza na Andreas Karlstadt, kisha na Martin Luther. Jina la Leipzig si geni masikioni mwa Walutheri wa Tanzania, kwa kuwa wamisionari wa Shirika la Misioni la Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Hata hivyo hatuandiki ili kuusifu mji huo. Tunaandika kwa sababu mkutano ule uliacha habari nyingi za maandalizi yake, na kwa sababu makosa yake tunayarudia hata leo.

Hoja yetu ni hii: maandalizi ya mkutano wa chuo hayana budi kupimwa kwa kuuliza kama yalimpa mtu nafasi salama ya kusema neno lisilotarajiwa, na kama neno hilo lilihifadhiwa. Kwa kipimo hiki Leipzig ilishindwa katika mambo iliyoyapanga kwa bidii sana, ikafaulu katika mambo ambayo waandaaji hawakuyatilia maanani. Tutaeleza jinsi ilivyokuwa, kisha tutarudi kwa kongamano moja la kwetu ambalo sisi wenyewe tulishika kazi ya ukatibu wake.

Mwaliko uliofichwa

Chanzo cha mdahalo kilikuwa maandishi. Mwaka 1518 Eck, profesa wa theolojia katika Chuo Kikuu cha Ingolstadt, aliandika maelezo ya kuzipinga hoja 95 za Luther. Karlstadt, mwalimu mwenzake Luther huko Wittenberg, akamjibu kwa hoja zaidi ya 300. Ikaonekana kwamba njia ya kawaida ya kumaliza ubishi kama huo ilikuwa mdahalo wa hadhara katika chuo kikuu. Mwezi Oktoba 1518 Luther na Eck walikutana Augsburg wakazungumzia mahali, na hatimaye Leipzig ikachaguliwa.

Hapo ndipo shida ya kwanza ilipozuka. Kitivo cha Theolojia cha Leipzig hakikutaka mdahalo huo. Askofu Adolf wa Merseburg, aliyekuwa mkuu wa chuo kwa cheo, aliupinga waziwazi, na tangazo lake la kuukataza lilibandikwa kwenye milango ya makanisa. Sababu ya woga wao inaeleweka: shauri la Luther lilikuwa tayari mikononi mwa Papa, na hakuna aliyetaka kuonekana anasikiliza upya kesi iliyokwisha kufika Roma. Mtu aliyesisitiza mdahalo ufanyike alikuwa mtawala wa nchi, Duke Georg wa Saksonia, ambaye aliona ni aibu kwa walimu wa theolojia kuogopa kujadili theolojia.

Lakini mwaliko wenyewe haukuwa mnyofu. Kwa jina, aliyealikwa kujadiliana na Eck alikuwa Karlstadt. Hata hivyo hoja ambazo Eck alizichapa mwishoni mwa Desemba 1518 zilimlenga Luther, hasa ile iliyohusu mamlaka ya Kanisa la Roma juu ya makanisa mengine. Luther alilazimika kuomba ruhusa mara kwa mara, na hata aliposafiri kwenda Leipzig aliingia chini ya hati ya usalama aliyopewa Karlstadt. Mtu ambaye kila mmoja alikuja kumsikiliza alifika kama mmoja wa wafuasi wa mwenzake.

Hapa tunaona kosa la kwanza, nalo si la zamani tu. Ni mara ngapi mada ya kongamano huandikwa kwa maneno mapana, kama vile "Kanisa na Changamoto za Leo", huku waandaaji wote wakijua swali halisi ni lipi na ni nani angefaa kulijibu? Mada pana huwasaidia waandaaji kupata kibali na wafadhili. Lakini mshiriki anayetaka kujiandaa hajui ajiandae kwa lipi, na yule anayehusika kweli na swali hupata mwaliko wake dakika za mwisho, au hapati kabisa.

Mapokezi, ulinzi na sherehe

Eck alifika Leipzig tarehe 22 Juni. Siku mbili baadaye walifika watu wa Wittenberg. Gari la kwanza lilimbeba Karlstadt pamoja na vitabu vyake. La pili liliwabeba Luther na Philipp Melanchthon pamoja na Duke Barnim wa Pomerania. Nao wanafunzi wapatao 200 walitembea kando wakiwa na mikuki. Karibu na lango la Kanisa la Mtakatifu Paulo gurudumu la gari la Karlstadt lilivunjika, naye akaanguka matopeni, huku gari la Luther likipita. Watu waliokuwa wakitazama hawakukosa kulifanya tukio hilo kuwa ishara.

Kwa habari ya ulinzi, waandaaji walifanya kazi nzuri. Raia 76 wenye silaha waliwekwa kulinda amani. Katika nyumba za wageni, ambako wanafunzi wa Leipzig na wa Wittenberg walikula pamoja, wabishi walitenganishwa kabla ya maneno kugeuka kuwa ngumi. Kwa kuwa ukumbi wa chuo haukutosha, Duke Georg alitoa ukumbi wa ngome yake ya Pleissenburg. Meza mbili za wasemaji ziliwekwa zikielekeana, moja imepambwa kwa kitambaa chenye sura ya Mtakatifu Martin, nyingine kwa kitambaa chenye sura ya Mtakatifu Georg. Mtu aliyepanga hivyo alijua kwamba hata viti na vitambaa husema ni nani anayeheshimiwa, naye akajitahidi pande zote mbili zipate haki sawa.

Lakini tukitazama ratiba ya siku ya kwanza, tunaanza kusikitika. Asubuhi na mapema wageni walikaribishwa kwa hotuba katika chuo. Kisha wakaenda kwa maandamano hadi Kanisa la Mtakatifu Thomas, ambako iliimbwa misa ya sauti kumi na mbili. Kutoka hapo wakaandamana hadi ngomeni. Huko Petrus Mosellanus, mwalimu kijana wa Kigiriki, alitoa hotuba ndefu ya Kilatini juu ya namna ya kujadiliana katika mambo ya theolojia, nayo ilichukua muda wa saa mbili hivi. Baadaye wote walipiga magoti na wimbo wa kumwomba Roho Mtakatifu ukaimbwa mara tatu. Ndipo wakaenda kula. Mdahalo ulianza mchana.

Hatudharau sala, wala hatudharau muziki; Kanisa lisiloimba kabla ya kujadili litajadili vibaya. Hotuba ya Mosellanus nayo ilikuwa na maudhui mema, kwa kuwa iliwasihi wasemaji watafute ukweli na waache matusi. Lawama yetu ni juu ya mahali ilipowekwa. Ushauri juu ya namna ya kujadiliana ungepaswa kuwafikia wasemaji wiki kadhaa kabla, kwa barua, ili uwe sehemu ya kanuni walizokubaliana. Uliposomwa mbele ya umati uliosimama tangu alfajiri, uligeuka kuwa pambo. Wasomaji wetu watatambua hapa desturi yetu ya kuwasimamisha wageni mmoja baada ya mwingine watoe salamu, kila mmoja akisema kwamba hana mengi ya kusema, hata mada ya kwanza ikaanza saa ambayo ratiba ilisema watu wawe wanakunywa chai.

Kanuni na makarani

Katika jambo la kanuni, mvutano ulikuwa mkali. Eck alipenda mjadala huru, wa maneno yanayoruka haraka kutoka upande hadi upande, kwa kuwa alikuwa na sauti kubwa na kumbukumbu ya ajabu. Watu wa Wittenberg walidai kuwe na makarani rasmi watakaoandika kila neno. Wao walishinda. Eck alinung'unika kwamba kuandika kunapunguza moto wa hoja, na ni kweli kulipunguza mwendo. Wasemaji walilazimika kusubiri kalamu.

Kwa maoni yetu huu ulikuwa uamuzi bora kuliko yote waliyofanya waandaaji. Mtu anayejua kwamba maneno yake yanaandikwa na mtu asiye rafiki yake wala adui yake huyapima. Na yule mwenye sauti ndogo hupata haki sawa na mwenye sauti kubwa, kwa sababu karatasi haina masikio. Laiti makarani wasingekuwako, leo tungekuwa na masimulizi ya washabiki tu.

Kanuni nyingine ilikuwa na madhara. Karlstadt alikuja na vitabu vyake, naye alipenda kufungua na kusoma maneno kamili ya mababa wa Kanisa. Eck alipinga, na ikaamuliwa kwamba wasemaji wasisome kutoka vitabuni. Kwa wasikilizaji ilikuwa nafuu, maana Karlstadt alichukua muda mrefu kupekua kurasa. Lakini kwa ukweli ilikuwa hasara. Mjadala juu ya yaliyosemwa na Augustino hauwezi kuwa wa haki ikiwa mwenye kumbukumbu nzuri anaruhusiwa kumnukuu Augustino na mwenye kitabu haruhusiwi kukifungua.

Aidha, mdahalo wote uliendeshwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi. Wakati mmoja Luther aliona kwamba watu waliokuwamo ukumbini wanamwelewa vibaya, akaomba aeleze jambo lake kwa Kijerumani. Ombi hilo dogo linatufundisha mengi sisi tunaoandika mada zetu kwa Kiingereza, tukazisoma mbele ya wainjilisti na wazee wa usharika, kisha tukashangaa kwamba hakuna maswali. Tena kuna ushahidi wa Sebastian Fröschel, aliyekuwapo, kwamba baadhi ya wanatheolojia wa Leipzig walilala usingizi vikaoni hata ikabidi waamshwe saa ya chakula. Hao walijua Kilatini vizuri. Walikuwa wenyeji ambao hawakuutaka mkutano, nao wakahudhuria kwa miili.

Saa za mapumziko

Kuanzia tarehe 4 Julai Eck alijadiliana na Luther juu ya mamlaka ya Papa. Siku iliyofuata, tarehe 5, Eck alitoa shutuma aliyojua itauma: kwamba Luther anafundisha mambo yaleyale aliyofundisha Jan Hus wa Bohemia, aliyehukumiwa na Mkutano Mkuu wa Konstanz na kuchomwa moto tarehe 6 Julai 1415. Ili tuone uzito wa neno hilo, yafaa tukumbuke mahali liliposemwa. Chuo Kikuu cha Leipzig kilianzishwa mwaka 1409 na walimu na wanafunzi wa Kijerumani waliohama Prague, baada ya mfalme kuwapa Wacheki kura nyingi katika uongozi wa chuo, jambo ambalo Hus aliliunga mkono. Mama yake Duke Georg alikuwa binti wa Georg wa Poděbrady, mfalme wa Bohemia aliyetoka miongoni mwa Wahusi. Hapakuwa na jina baya zaidi la kumpa mtu katika mji ule.

Luther alikataa kwanza kwamba yeye ni mfuasi wa Wabohemia. Kisha wakaenda kula. Katika mapumziko hayo Luther hakukaa mezani tu, bali alikwenda kwenye maktaba ya chuo na kusoma kumbukumbu za Konstanz. Kikao kilipoanza tena saa nane mchana, alisema kwamba miongoni mwa makala za Hus zilizohukumiwa yalikuwamo mengi ya Kikristo na ya Kiinjili kabisa, ambayo Kanisa haliwezi kuyahukumu. Duke Georg aliposikia alilipuka kwa kiapo cha hasira mbele ya watu wote.

Tunajua jinsi neno lile lilivyoendelea. Ikiwa Mkutano Mkuu uliweza kukosea, basi mamlaka ya mwisho haikuwa kwa Papa wala kwa Mkutano, bali kwa Maandiko. Wengi wetu tumefundisha hatua hiyo kana kwamba ilitoka kichwani mwa mtu mmoja. Lakini tukiitazama kwa macho ya mwandaaji wa mkutano, tunaona mambo matatu ya kawaida kabisa yaliyoiwezesha. Kulikuwa na mapumziko marefu ya mchana. Maktaba ilikuwa karibu, nayo ilikuwa wazi. Na baada ya mapumziko msemaji alirudishiwa nafasi yake ya kusema, wala hakuambiwa kwamba mada hiyo imekwisha kupita.

Hakuna mwanakamati yeyote aliyeandika katika mipango yake kwamba mchana huo msemaji atakwenda kusoma na kubadili msimamo wake. Waandaaji walipanga misa, walinzi, vitambaa na hotuba. Kilichozaa matunda kilikuwa muda mtupu na rafu ya vitabu. Makongamano yetu hukata muda huo kwanza kabisa ratiba inapochelewa, na maktaba ya chuo hufungwa siku za kongamano kwa sababu mkutubi naye yuko kwenye kamati ya chakula.

Waamuzi waliokuwa mbali

Ilikubaliwa kwamba mshindi asitangazwe ukumbini. Kumbukumbu za makarani zingepelekwa kwa vyuo vikuu vya Erfurt na Paris ili vitoe hukumu, na mpaka hapo zisichapwe. Kwa karatasi mpango huo unapendeza. Kwa vitendo ulianguka kabisa. Erfurt ilikataa kutoa hukumu. Paris ilikaa kimya hadi tarehe 15 Aprili 1521, nayo ilipotoa tamko, ililaani mafundisho yaliyotolewa katika vitabu vya Luther bila kuamua lolote juu ya mdahalo wenyewe. Wakati huo Papa alikuwa amekwisha kutoa onyo lake dhidi ya Luther tangu tarehe 15 Juni 1520, na Luther alikuwa karibu kusimama mbele ya Kaisari huko Worms. Katikati ya ukimya huo kila upande ulitangaza ushindi kwa barua na vijitabu, na maandishi ya mdahalo yalichapwa bila kungoja ruhusa.

Hata mwisho wa mkutano haukuamuliwa na hoja. Mtawala Mteule Joachim wa Brandenburg alikuwa njiani akitoka kwenye uchaguzi wa Kaisari huko Frankfurt, na Duke alihitaji ngome yake ili kumpokea mgeni. Wasemaji wakaharakishwa, mambo ya toharani, hati za rehema na toba yakapita upesi, na mlango ukafungwa.

Tunapolaumu mpango huu hatusemi kwamba ukumbi wenye kelele ungeweza kuwa hakimu bora. Tunasema kwamba kuwakabidhi uamuzi watu wasiokuwapo, ambao hawakuombwa idhini kwanza na ambao hawana tarehe ya kujibu, ni njia ya heshima ya kuliahirisha jambo milele. Maazimio mengi ya vyuo vyetu huishia kwa maneno "ipelekwe kwa vyombo vinavyohusika". Vyombo hivyo havitajwi, wala havipewi muda.

Mwenyeji

Kuna mtu mmoja ambaye historia yetu ya Kilutheri imemtendea kwa ugumu, naye ni Duke Georg. Aliyapinga Matengenezo hadi kufa kwake mwaka 1539, na hatuna sababu ya kumtetea katika hilo. Lakini kama mwenyeji wa mkutano anastahili heshima kuliko anayopewa. Alipoona walimu wake wanaogopa, aliwalazimisha wafungue milango. Alitoa ukumbi na walinzi. Na tarehe 5 Julai, aliposikia kwa masikio yake neno lililomchukiza kuliko yote, alilaani kwa sauti, lakini hakukifunga kikao. Mdahalo uliendelea kesho yake na siku zilizofuata. Luther alitoka Leipzig salama kama alivyoingia.

Huo ndio mtihani wa mwenyeji. Ni rahisi kulinda mkutano ambao wasemaji wake watasema tunayoyapenda. Kazi ya mkuu wa chuo, msimamizi wa kikao na katibu huanza pale neno lisilopendeza linapotamkwa na mtu asiye na cheo.

Kongamano letu

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo kimoja ambacho hatutakitaja, tuliandaa kongamano la siku mbili juu ya maadili ya vijana. Sisi tulikuwa katibu wa kamati. Tulipata mgeni rasmi, kwaya tatu na chakula kizuri. Siku ya pili, baada ya mada juu ya nidhamu ya Kanisa, mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili alisimama na kuuliza swali. Alisema kwamba katika usharika alikofanyia mazoezi aliona msichana akitengwa na ushirika kwa sababu ya mimba, akasimama mbele ya watu Jumapili aliyorudi kundini, na wakati huo kijana aliyempa mimba alikuwa ameketi katika kwaya akiimba. Akauliza: je, Kanisa linatenga dhambi, au linatenga tumbo linaloonekana?

Ukumbi ulinyamaza. Msimamizi wa kikao, mtu mwema ambaye tunamheshimu hata leo, alisema: "Ndugu mwanachuo, swali lako ni zuri, lakini muda hauturuhusu, tutalichukua." Tukaenda kunywa chai. Baada ya chai mada ilikuwa nyingine.

Jioni hiyo tuliandika kumbukumbu. Tuliandika majina ya wageni wote kwa vyeo vyao, na muhtasari wa kila mada. Tulipofika mahali pa swali lile, tuliona kwamba maneno yake yangewaudhi watu, tukaandika kwamba "washiriki walichangia mawazo mbalimbali". Hatukuagizwa na mtu yeyote kufanya hivyo. Kalamu ilikuwa yetu. Mwanachuo yule alimaliza masomo yake, akabarikiwa, na katika mikutano tuliyokutana naye baadaye hatukumsikia akiuliza swali lingine hadharani.

Tunapowasoma makarani wa Leipzig tunaona aibu. Miongoni mwa walioketi ukumbini walikuwamo waliomchukia Luther, na waliomchukia Eck. Hata hivyo maneno ya Luther juu ya Hus yaliandikwa katika kumbukumbu rasmi siku yaliposemwa, mbele ya mtawala aliyeyalaani. Swali la mwanachuo wetu halikuwa na hatari hata sehemu ndogo ya hatari hiyo, nasi tuliliacha lipotee.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunawapendekezea ndugu zetu wanaoandaa makongamano mambo machache yanayowezekana hata kwa chuo chenye fedha kidogo. Kwanza, mada iandikwe kama swali ambalo jibu lake halijulikani, na wale ambao swali linawagusa waalikwe mapema kwa majina yao. Pili, salamu zote zitolewe na mtu mmoja kwa niaba ya wageni. Tatu, karani wa kikao asiwe mjumbe wa kamati ya maandalizi. Aandike maswali kwa maneno ya mwulizaji, na kumbukumbu zisomwe mbele ya washiriki kabla hawajatawanyika. Nne, mapumziko ya mchana yasikatwe, maktaba iwe wazi, na kikao cha kwanza baada ya chakula kiwe cha kurudia jambo lililoachwa asubuhi. Tano, kila azimio litaje nani atalijibu na kwa tarehe ipi, naye awe ameulizwa kwanza kama yuko tayari.

Wako watakaosema kwamba mambo haya yataleta ugomvi, na kwamba Kanisa linahitaji amani kuliko midahalo. Twakiri kwamba Leipzig haikuleta amani. Lakini mgawanyiko ulikuwapo kabla ya ukumbi kufunguliwa, na kama ungezuiwa kusemwa ungeendelea kusemwa gizani na mitaani. Tarehe 24 Mei 1539, karibu miaka 20 baada ya mdahalo, Luther alihubiri tena katika ngome ya Pleissenburg wakati mji ulipoyapokea Matengenezo. Waliomsikiliza siku hiyo hawakuhitaji kuuliza yeye ni nani wala anafundisha nini, kwa sababu waliwahi kumsikia, au kuwasikia waliomsikia, akisema mambo yake mbele ya mpinzani wake.

Nasi tumeamua kuanza na lililo katika uwezo wetu. Tumezitafuta kumbukumbu za kongamano lile katika jalada, tukaongeza ukurasa mmoja wenye swali la mwanachuo yule kwa kadiri tunavyolikumbuka, tukatia sahihi na tarehe ya leo ili asomaye ajue limeandikwa kwa kuchelewa. Nakala tumempelekea yeye, ambaye sasa ni mchungaji wa usharika, pamoja na barua ya kumwomba radhi na kumwalika aje kusoma mada juu ya swali lake katika kongamano lijalo. Tumemwahidi saa nzima, baada ya chakula cha mchana.